Jalada la mwanafunzi halimpunguzii mwalimu kazi

Wengi hudhani mtihani ukiondolewa na mahali pake likawekwa jalada la kazi za mwanafunzi, mwalimu amepumzishwa: si anakusanya karatasi tu? Tazama Kanada, ambako madarasa ya Kiingereza ya wahamiaji yanayofadhiliwa na serikali kuu, LINC, yaliwekewa sharti la kutumia mfumo huo wa jalada, uitwao PBLA. Mwongozo wake wa awali ulitaka vielelezo, yaani kazi za mwanafunzi zilizopimwa, 8 hadi 10 kwa kila stadi: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Jumla ni 32 kwa uchache kwa kila mwanafunzi. Darasa la watu 20 ni vielelezo 640, na nyuma yake kuna mazoezi ya kutunga, vigezo vya kuandaa na maoni ya kuandikia kila mtu. Kuzungumza ndiko kunakokula muda zaidi, maana unamsikiliza mmoja huku wengine wakihitaji kazi ya kufanya. Kupanga karatasi zenyewe? Hiyo ni kazi ya mwanafunzi.