DTF: picha ya nguo inayoshikiliwa na gundi

Ukipita River Road jijini Nairobi, au vichochoro vinavyoshuka kuelekea Kirinyaga Road, utaona herufi DTF zimebandikwa kwenye vioo vya maduka ya kuchapa. Ni kifupi cha Kiingereza cha "direct to film", yaani moja kwa moja kwenye filamu: njia ya kuweka picha kwenye nguo ambayo haianzii kwenye nguo. Picha huchapwa kwanza juu ya filamu ya plastiki, hunyunyiziwa gundi ya unga, kisha huhamishiwa kwenye tisheti, hudi, aproni au mfuko wa kitambaa kwa joto na mgandamizo.

Wateja wengi wakifika dukani huuliza kuhusu wino na rangi. Afadhali wangeuliza kuhusu gundi. Gundi ndiyo inayoiwezesha DTF kukubali karibu kila kitambaa, na kazi ikifanywa mbiombio, gundi ndiyo inayosaliti kwanza.

Kazi huanzia kwenye kompyuta. Programu maalumu huigawa picha katika rangi nne za uchapishaji, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, kisha huongeza ya tano: nyeupe. Filamu yenyewe ni plastiki ya PET, ileile ya chupa za maji, iliyopakwa utando unaoshika wino na kuuachilia baadaye. Picha huchapwa ikiwa imegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Rangi hutangulia na nyeupe hufuata juu yake, hivyo anayeitazama mashine mara ya kwanza huona bonge jeupe tu na kudhani kuna kosa. Hakuna kosa. Filamu ikija kulazwa kifudifudi juu ya nguo, nyeupe itakuwa chini na rangi zitakuwa juu. Bila hiyo nyeupe, picha kwenye tisheti nyeusi ingemezwa na weusi wa kitambaa, kwa sababu wino wa rangi hupitisha mwanga.

Nyeupe hiyo ndiyo inayowanyima usingizi wenye maduka. Weupe wake hutoka kwa titani dioksidi, chembe nzito zinazotuama chini ya tangi mashine ikikaa bure. Zikituama ndani ya mirija, kichwa cha kuchapia huziba, na kichwa ni miongoni mwa vipuri ghali kabisa. Mashine kubwa zina pampu za kuuzungusha wino bila kupumzika. Ndogo huhitaji mkono wa mtu. Epson L1800, kwa mfano, iliundwa kuchapa picha za karatasi kwa rangi 6. Mafundi huigeuza kwa kujaza rangi nne kwenye matangi manne na nyeupe kwenye mawili yaliyobaki. Mashine ya namna hiyo haipendi likizo. Stima ikipotea kutwa nzima, mwenye duka hahesabu tu oda zilizolala, anawazia pia wino unaotuama mirijani.

Wino ukiwa bado mbichi, filamu hunyunyiziwa unga wa gundi, ambao mafundi huuita poda. Ni chembe nyeupe za poliurethani, laini kuliko chumvi ya mezani. Filamu hutikiswa na poda ya ziada huanguka, inabaki ile iliyoshika kwenye wino mbichi peke yake. Hapo ndipo DTF inapoiacha mbali njia ya vinaili, ile plastiki ya rangi inayokatwa na kubandikwa kwenye nguo. Fundi wa vinaili lazima akate umbo kwa kisu cha mashine, kisha akae na sindano kung'oa vipande vya katikati ya herufi, kimoja kimoja. Kwenye DTF, gundi hufuata wino popote ulipo, hata kwenye unywele mmoja wa picha ya bibi harusi.

Poda ina adabu zake, na hali ya hewa ya Nairobi huzijaribu. Januari na Februari hewa inapokauka, umeme tuli hujikusanya kwenye filamu na poda huparamia hata mahali pasipo na wino. Ukihamisha picha hiyo utaona vidoa vya ukungu kuzunguka maandishi. Mvua ndefu zikianza Machi, shida inageuka: poda hufyonza unyevu, hushikana mabonge, na filamu nayo hutoa unyevu ikipashwa joto. Fundi makini hufunga gunia la poda kila akishachota, na huwa na kipimo kidogo cha unyevu ukutani. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 ndio unaofaa. Ukikuta kipimo hicho dukani, hiyo ni dalili nzuri kuliko bango lolote la nje.

Kisha filamu huingia kwenye oveni, kwa kawaida karibu nyuzi 120 za Selsiasi kwa dakika chache, mpaka poda iyeyuke na kuwa utando mmoja. Hapa ndipo kazi nyingi mbovu huzaliwa, ingawa lawama huangukia hatua zinazofuata. Ikitolewa mapema, maji ya wino hayajaisha na gundi haijakomaa. Picha itapendeza dukani, itapendeza kwenye simu ya mteja, halafu itaanza kujikunja pembeni baada ya kufuliwa mara kadhaa. Ikipitiliza, nyeupe hugeuka manjano na picha hukakamaa. Jicho la mwenyeji hutafuta uso wenye vijipele vidogo unaong'aa kwa mbali. Unga mkavu ukionekana bado, arudishe ndani.

Kuhamisha ni kazi ya hiti presi, mashine ya kubana kwa joto. Nguo hubanwa kwanza bila picha kwa sekunde chache ili unyevu utoke, kisha filamu hulazwa na kubanwa, mara nyingi kati ya nyuzi 150 na 160, kwa sekunde 10 hadi 15. Baadhi ya filamu hubanduliwa zingali moto, nyingine lazima zipoe kabisa. Anayebandua ya kupoa ingali moto hujionea picha ikiondoka na plastiki. Mwisho hubanwa tena, karatasi ya kuokea ikiwa juu, ili gundi izame zaidi kati ya nyuzi za kitambaa.

Filamu iliyokwisha kupita oveni si lazima itumike siku hiyo. Huviringishwa ikawekwa, hubebwa kwenye matatu, hubanwa wiki ijayo. Kwa hiyo kijana wa Githurai au Umoja mwenye hiti presi pekee anaweza kuagiza picha mjini kwa mita, akanunua tisheti tupu, akafanya biashara bila kumiliki printa. Kwenye filamu ya upana wa sentimita 60, mita moja ikipangwa vizuri hutoa picha 6 za kifuani za sentimita 28 kwa 32, au nembo ndogo 60 za sentimita 9. Asiyejua kupanga hulipia plastiki tupu.

Je, DTF iko juu ya njia nyingine zote? La. Chama cha wanawake kinachotaka tisheti 200 za rangi moja kitaokoa pesa kwa uchapishaji wa skrini, ambapo wino husukumwa kupitia wavu wenye umbo la picha. Gharama ya kutengeneza skrini hugawanywa kwa nguo nyingi, na wino wake hudumu. Lakini kila rangi hudai skrini yake, kwa hiyo familia inayotaka tisheti 5 zenye picha ya marehemu kabla ya Jumamosi haina haja ya kuisumbua skrini. Sablimesheni nayo huingiza rangi ndani ya uzi wenyewe, huwezi hata kuisikia kwa kidole, ila hutaka poliesta, tena ya rangi nyeupe au hafifu. DTF hukaa katikati: pamba, poliesta, mchanganyiko, jinzi, nyeusi au nyeupe, moja au ishirini.

Bei ya uhuru huo ni kwamba picha hukaa juu ya kitambaa. Ukiipapasa utaisikia. Mraba mkubwa wa rangi kifuani hauna matundu ya hewa, na aliyeuvaa mchana wa Februari atalalamika kwamba amevishwa plastiki, naye atakuwa na haki. Msanii anayejua kazi huliacha vazi lenyewe lichangie: kwenye tisheti nyeusi huondoa weusi wote ndani ya picha, akaacha kitambaa kijaze. Picha huwa nyepesi, hupumua, na wino hupungua. Binafsi namwamini zaidi fundi anayenishauri nipunguze ukubwa wa picha kuliko anayekubali kila kitu.

Jezi nyekundu za poliesta zinahitaji tahadhari ya peke yake. Rangi ya poliesta, ikipata joto kali, hugeuka mvuke na kupanda ndani ya wino mweupe. Namba iliyotoka nyeupe jioni huamka ya waridi. Dawa ni kubana kwa joto la chini, karibu nyuzi 130, pamoja na poda nyeusi iliyoundwa kuzuia rangi isipande.

Kwa upande wa mteja, leta faili ya PNG isiyo na mandharinyuma, yenye nukta 300 kwa inchi katika ukubwa ule ule utakaochapwa. Picha iliyopita makundi matatu ya WhatsApp imeshaminywa, na mashine itauchapa ukungu wake kwa uaminifu. Tena, mashine kukubali nembo ya klabu au kampuni hakukupi haki ya kuiuza: Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008.

Nguo ikishafika nyumbani, isubiri siku moja kabla ya kufuliwa. Ifuliwe ikiwa ndani nje, kwa maji baridi, bila jiki, na pasi isiguse picha. Kona ikianza kuinuka, usiivute na usiipake gundi ya viatu. Poliurethani huyeyuka tena ikipata joto, kwa hiyo weka karatasi ya kuokea juu yake na uirudishe chini ya hiti presi. Ikiwa gundi ilikomaa mara ya kwanza, mara nyingi itashika. Ikiwa haikukomaa, mrudishie fundi nguo yake.