Istilahi za mwanzo za jometri: karatasi chakavu, chelewa na kamba

Sura ya jometri ikifunguliwa, ubao hujaa orodha: nukta, mstari, kipande cha mstari, mwale, kipeo, pembe. Wanafunzi wanainakili, wanaikariri, na wiki ya pili ukiwaambia wachore mwale, nusu ya darasa inachora mstari wenye mishale pande zote mbili. Mimi huipanga kazi kinyume. Kitu kinakunjwa au kuchorwa kwanza, kinapimwa, na jina linakuja pale darasa linapokwama kwa kukosa namna ya kukitaja. Nawaandikia walimu wa skuli zetu za Unguja na Pemba, wenye darasa lililojaa na mikebe ya jometri ya kuhesabu.

Nukta na jamaa zake zisikumalizie zaidi ya kipindi kimoja. Kipande cha mstari kina ncha mbili, kwa hiyo rula inakipima. Mwale una mwanzo bila mwisho, mstari hauna hata kimoja, na vyote viwili havina urefu wa kupimwa. Uliza tu, "Kipi hapa naweza kukipima kwa rula?" Atakayejibu hilo bila kubabaika ameelewa.

Pembe mraba ndiyo ya kuanzia na kukaa nayo. Mpe kila mtoto kipande cha karatasi kilichochanwa ovyo, kisichokuwa na ukingo hata mmoja ulionyooka. Akunje mara moja popote: mkunjo ni mstari mnyoofu. Akunje mara ya pili, safari hii mkunjo wa kwanza ujilalie wenyewe sawasawa, kisha aupitishie ukucha. Kona iliyopatikana ni nyuzi 90. Akiifungua karatasi ataona mistari miwili iliyokatana na pembe nne zilizolingana. Kosa la hapa ni moja, mkunjo wa pili kutolaliana vizuri na wa kwanza, na linasababishwa na kukunja hewani. Wakunjie mezani.

Kona hiyo sasa ni kipimo. Watoke nayo wapime daftari, kizingiti cha mlango, dirisha, kigae cha sakafu. Aliye Mji Mkongwe na apime pia kona za chumba kwao, maana kuta za nyumba nyingi za mawe na chokaa hazikutani kwa pembe mraba. Pembe ikibanwa ndani ya kipimo ni pembe kali. Ikikizidi ni pembe butu, mradi haijafika nyuzi 180, ambapo inakuwa pembe nyoofu. Majina haya matatu yanashika haraka kwa sababu mtoto tayari ana vitu vya kuyavalisha.

Sasa lile kosa linaloharibu sura nzima: mtoto kudhani pembe yenye mikono mirefu ndiyo kubwa. Mchoree pembe mbili za nyuzi 40, moja mikono yake sm 3, nyingine sm 12, umuulize ipi kubwa. Wengi wataonesha ya pili. Maelezo peke yake hayasaidii. Chukua njiti mbili za ufagio wa chelewa, uzifunge kwa uzi upande mmoja, uzifungue kidogo kidogo. Halafu zikate nusu bila kubadili ufunguzi. Pembe ni kiasi cha kuzunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na chelewa zilizokatwa zinalionesha hilo kwa macho.

Kipimapembe kina mitego mitatu. Kwanza, mstari wa sifuri mara nyingi uko milimita chache juu ya ukingo wa plastiki, na watoto hukilaza kwa ukingo. Pili, kina safu mbili za namba, ndiyo maana pembe ya 130 inasomwa 50. Dawa yake ni kumtaka aseme kwa mdomo kabla ya kusoma: kali au butu? Akishasema butu, 50 haimwingii tena. Tatu, mikono ya pembe ikiwa mifupi haifiki kwenye namba na mtoto anakisia. Airefushe kwa rula na penseli kwanza. Na pembe ABC kipeo chake, pale mikono miwili inapokutana, ni B, herufi ya kati. Hilo lirudie mpaka wachoke.

Mistari sambamba huelezwa kuwa haikutani, na mtoto anachora miwili inayokaribiana lakini karatasi ikaisha kabla haijakutana. Atumie kile kipimo cha karatasi: kikae wima juu ya mstari mmoja, apime umbali hadi wa pili sehemu mbili zilizo mbali. Umbali ukitofautiana, si sambamba. Ukingo mmoja na wa pili wa ukili uliosukwa vizuri ni mfano wa kupimia.

Kwa pembetatu, wachane kona tatu na kuzipanga pamoja kwenye nukta moja: zinatimiza pembe nyoofu. Watie rangi kona kabla, na wachane kwa mkono badala ya mkasi. Ukikata kwa mkasi kila upande unanyooka, na mtoto hajui tena ipi ilikuwa kona ya pembetatu. Pembenne nazipitia kwa chelewa nne zilizo sawa zilizofungwa nchani: ziwe mraba, kisha zisukume pembeni, ziwe rombasi. Pande hazijabadilika, pembe zimebadilika. Chelewa tatu ukizifunga hazisukumiki, na fundi anayetengeneza kenchi za paa anajua kwa nini anagawa pembetatu. Chora mraba ukiwa umesimama kwa kona pia, la sivyo watauita jina jengine.

Duara tunalichora uwanjani kwa kamba na msumari. Kitanzi cha msumarini kiwe kilegevu. Kikikazwa, kamba inajizungusha kwenye msumari, nusu kipenyo kinapungua kila hatua, na ukirudi ulipoanzia mstari haukutani na mwanzo wake. Kamba ya usumba nayo ina kunyumbuka. Heri uzi mnene uliokwisha vutwa. Anza na kona ya uwanja wa mpira, ambako robo duara lina nusu kipenyo cha m 1, kisha duara la kati, m 9.15. Darasani tumia kopo au sinia. Kipenyo kinapita kitovuni, na kwa kuwa kitovu hakikuchorwa, mtoto anapima popote. Mwambie aiteleze rula mpaka apate kipimo kirefu kuliko vyote. Kipenyo kikiwa sm 14, uzi wa mzingo, uliozungushwa ukingoni mara moja, utatoa karibu sm 44, yaani 22/7 mara 14.

Mtihani wangu wa kufungia mada ni imla ya kuchora. Nasoma, wao wanachora: kipande cha mstari AB, sm 6; kwenye A, pembe ya nyuzi 60; mkono wa pili ukatwe kwenye C, sm 6 kutoka A; unganisha B na C. Kisha wapime BC. Ikiwa sm 6, sawa. Ikiwa sm 6.2, pembe imezidi kiasi cha nyuzi 2, na kwa kawaida kipimapembe ndicho kilichoteleza. Ikiwa karibu sm 10.4, amesoma safu nyingine ya namba na kuchora nyuzi 120. Na aliyepata pembetatu nzuri lakini ukimwambia aoneshe pembe ABC anakuonesha ile ya A, huyo mrudishe kwenye herufi ya kati.