Taimauti: programu jalizi inapochoka kusubiri

Umefungua Kodi, programu ya kutazamia video, umechagua filamu kwenye programu jalizi (kiongezo kinachoiletea Kodi filamu), duara limezunguka weee, kisha umeambiwa muda wa kuunganisha umekwisha. Hiyo ndiyo taimauti. Wengi wakiuona ujumbe huo husema seva, yaani kompyuta inayotuma filamu, imekufa, nao hausemi hivyo. Unasema kifaa kimeomba, kimesubiri kadiri kilivyopangiwa, hakikusikia jibu.

Ni kama kupiga hodi. Ukipiga mara tatu bila kusikia "karibu", unaondoka, lakini hujui kama mwenyeji amesafiri, amelala, au yuko njiani anatoka uani. Kifaa nacho hurudia hodi. Kwenye Linux, ambayo ndiyo kiini cha Android, ombi la kuunganishwa lisipojibiwa hurudiwa tena na tena, huku muda wa kungoja kati ya hodi ukirefuka. Programu isipojiwekea kikomo, inaweza kungoja hivyo kwa takriban dakika 2.

Kabla hujafuta chochote, soma kodi.log, faili ambamo Kodi huandika yaliyotokea. Curl, chombo ambacho Kodi hukitumia kuleta data, huacha humo namba ya kosa. Namba 28 ni taimauti yenyewe: hodi haikuitikiwa, au jibu lilianza likakwama. Namba 7 ni kushindwa kuunganishwa, mara nyingi kwa sababu mlango umefungwa mbele yako: seva imekataa. Namba 6 maana yake nyumba yenyewe haikuonekana: jina la seva halikupatikana, basi kagua DNS (huduma inayotafuta anwani ya jina hilo) au ujue huenda tovuti imehama. Makosa haya matatu hayana dawa moja.

Dawa inayopendwa ni kuongeza sekunde za curlclienttimeout, kikomo cha kusubiri cha curl, kwenye advancedsettings.xml, faili la mipangilio ya ziada ya Kodi. Inafaa pale tu mwenyeji anapokuja polepole. Tena programu jalizi nyingi huandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nazo mara nyingi huomba data kwa njia zake zenyewe bila kupitia curl ya Kodi. Hizo zina kikomo chao, hata uandike sekunde 60 hazitakusikia.

Mimi huanza kwa kujaribu programu jalizi nyingine. Zote zikikwama, huenda tatizo liko kwako: Wi-Fi, ruta, bando. Ikikwama moja tu, huenda chanzo chake kina matatizo au inahitaji kusasishwa.

Kuna wakati kosa liko katikati, wala si kwako wala kwa seva. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, kuongeza sekunde kunaweza kusaidia. Kufuta programu na kuisakinisha upya kunakupa tu mzigo mwingine wa kupakua kwenye mtandao ulio taabani.