Rupia ya Mjerumani si mamilioni

Hapa Tanzania ni imani ya miaka mingi: ukifukua rupia ya Mjerumani, ile sarafu ya enzi za ukoloni wa Kijerumani, shambani, umeshatajirika. Nimeona watu wakichimba hadi msingi wa nyumba kwa ajili yake, na inaniuma.

Rupia yenyewe imetengenezwa kwa madini halisi ya fedha. Uzito wake ni gramu 11.66, na kati ya hizo fedha safi ni kama gramu 10.7. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm II na kofia yake ya chuma. Kwenye zile za kuanzia 1904, upande wa pili chini ya tarehe utakuta herufi A kwa zilizofuliwa Berlin, au J kwa za Hamburg. Zilifuliwa kwa wingi, kwa hiyo iliyochakaa huuzwa karibu na bei ya fedha iliyomo. Zenye thamani kubwa ni chache: sarafu ya rupia mbili ya 1893 na 1894, au ile ya dhahabu yenye tembo iliyofuliwa Tabora 1916, ambayo ni rupia 15.

Anayedai yako "inavuta" vitu kama sumaku, mwambie fedha si sumaku, wala haivutwi nayo. Na tafadhali usiisugue kwa majivu. Weusi ule unaoifunika kwa miaka, wakusanyaji wa sarafu wanautaka.