Kuitambua Picha ya Zamani: Gari, Mahali na Mtu Asiyejulikana

Katika picha zinazoletwa kwetu sisi tunaohifadhi nyaraka hapa Unguja, zimo nyingi zinazofanana kwa jambo moja: mwanamme amesimama kando ya motokari, mkono ameuweka juu ya madigadi, nyuma yake jengo linaonekana nusu, na aliyeileta picha anataka kujua ni nani huyo na ni gari gani hiyo. Masuali haya mawili huulizwa kwa pamoja, lakini hayajibiwi kwa njia moja. Gari ilitengenezwa kiwandani kwa maelfu, na kila badiliko la taa, kioo na rejeta lina mwaka wake. Mtu ni mmoja tu, na hakuna kiwanda kilichoweka orodha yake. Kosa kubwa linalofanyika majumbani, na hata katika maonyesho, ni kuuchukua uhakika tulionao juu ya gari na kumvika nao mtu.

Kabla ya kuitazama sura, igeuze picha. Nyuma huwa pana muhuri wa studio, mwandiko wa penseli, au alama ya kampuni iliyotengeneza karatasi. Jina la A. C. Gomes linatupeleka kwenye studio iliyokuwa ikifanya kazi Unguja tangu karne ya 19, ilhali muhuri wa Capital Art Studio, iliyoasisiwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, unatosha kutuambia kwamba nakala ile haikusafishwa kabla ya mwaka huo. Nasema nakala kwa makusudi, kwa kuwa filamu ya zamani iliweza kupelekwa studio na kusafishwa upya miaka mingi baada ya picha kupigwa.

Jengo nalo lina tarehe zake. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilijengwa na Sultan Sayyid Barghash mwaka 1883, na mnara wa saa ulisimama peke yake mbele ya jumba hilo mpaka ulipoharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Mnara wa baadaye ndio uliounganishwa na uso wa jumba, uso ambao sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Ukiiona reli ya treni barabarani, jua kwamba njia ya Bububu ilifunguliwa mwaka 1905. Ukiiona bustani ya Forodhani, kumbuka kwamba iliwekwa kuadhimisha miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Harub, aliyeanza kutawala mwaka 1911.

Jengo hilo hilo hutusaidia kugundua picha iliyogeuka. Mtu akisimama Forodhani na kuipa bahari mgongo, Ngome Kongwe iko kuliani mwa Beit al-Ajaib. Ikionekana kushotoni, basi filamu ilisafishwa kinyume, na vyote vilivyomo vimegeuka pamoja nayo, usukani, mkono ulioshika bakora na namba za gari. Kwa kuwa uso wa Beit al-Ajaib unakaribia kulingana pande zote mbili, kosa hili hupita bila ya kuonekana, na mtu akaanza kutafuta gari ya usukani wa kushoto ambayo haikuwapo. Gari zilizoletwa hapa, ambapo tunaendesha upande wa kushoto, kwa kawaida zilikuwa na usukani kulia, hata zile za Ford, kwa sababu tawi la Kanada ndilo lililokuwa likihudumia sehemu kubwa ya himaya ya Kiingereza nje ya Uingereza yenyewe.

Sasa tuifikie gari. Tuseme ni Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, na ambayo idadi yake ilifika milioni 15. Macho yaanze mbele. Rejeta ya shaba inayong'ara ni ya gari zilizotoka kiwandani hadi katikati ya mwaka 1916. Baada ya hapo ganda la rejeta lilipakwa rangi nyeusi, na madigadi, ambayo hapo kabla yalikuwa bapa, yakafanywa ya mviringo. Taa za mbele zilizokuwa zikiwaka kwa gesi ya kabaidi zilianza kupisha taa za umeme mwaka 1915. Magurudumu ya njiti za mbao yalibaki kwa muda mrefu, kwa hivyo yasitumike peke yake kutoa hukumu. Gari za baadaye zina alama zilizo wazi zaidi. Morris Minor, iliyotoka mwaka 1948, ilikuwa na taa chini kando ya mdomo wa mbele kabla ya kupandishwa kwenye madigadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kioo chake cha mbele kilikuwa vipande viwili hadi mwaka 1956. Volkswagen ya mgongo wa kobe hutambulika kwa kioo cha nyuma, ambacho kilikuwa vipande viwili hadi mwaka 1953, kisha kikawa cha umbo la yai hadi mwaka 1957.

Lakini mwaka wa gari hautupi mwaka wa picha. Unatupa mpaka wa chini tu: picha haikupigwa kabla ya gari kutengenezwa. Mpaka wa juu uko wazi, na visiwani kwetu uko wazi zaidi kuliko kwengine, kwa sababu gari ilivushwa bahari kwa gharama, ikatunzwa, ikabadilishwa taa na bodi, ikauzwa kwa mtu wa pili na wa tatu, na pengine ikamalizia umri wake Pemba ikibeba karafuu. Ndiyo maana alama moja haitoshi. Zitafutwe tatu zinazokubaliana, na zinapogombana, aaminiwe yule shahidi aliye mdogo kuliko wote, maana kitu kipya kabisa ndani ya picha ndicho kinachoamua.

Tukimrudia mtu, nasisitiza jambo moja linalohusu rangi. Filamu na vioo vya kupigia picha vya zamani, hadi takriban miaka ya 1920 na pengine baada yake, mara nyingi havikuhisi rangi nyekundu. Bendera nyekundu ya Sultani hutoka karibu na nyeusi, joho la buluu hutoka jepesi, na ngozi ya binadamu, ambayo ina wekundu ndani yake, hutoka nyeusi kuliko ilivyokuwa. Kwa hivyo si haki kumpangia mtu ukoo au asili yake kwa kutazama weusi au weupe wa sura katika picha kama hiyo. Katika visiwa ambavyo asili ya mtu iliwahi kugharimu roho za watu, wepesi huu wa kuhukumu unaniumiza.

Wala kusimama na gari si kuimiliki. Aliyeweka mkono juu ya madigadi huenda ni tajiri, huenda ni mgeni wake, na mara nyingi huenda ni dereva, mtu aliyeijua gari ile kuliko mwenyewe na ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Unapowauliza wazee, waulize mmoja mmoja, na usilitaje jina unalolidhania. Ukimwambia bibi, «Huyu siye marehemu babu Fulani?» atakukubalia kwa heshima tu. Mwanzishe kwa mahali: «Bibi, hapa ni wapi?» Kisha gari, kisha nguo, na mwisho sura. Wazee wawili ambao hawakuzungumza pamoja wakilitaja jina moja, hapo tumepata kitu cha kufuatia katika leseni, magazeti ya zamani na daftari za serikali.

Programu za kisasa za kompyuta za kukarabati picha zisitumiwe kwa kazi hii. Hazirudishi kilichopotea, zinabuni macho, meno na namba za gari, na aliyeona sura ya kubuni huanza kuikumbuka kana kwamba aliwahi kuiona. Nakili picha kwa skana, nukta 600 kwa inchi, na uikuze nakala hiyo bila ya kuongeza kitu. Picha yenyewe ya asili isipigwe selotepu wala kuandikwa kwa kalamu ya wino. Penseli laini, pembeni kwa nyuma, inatosha.

Maelezo yatakayoandikwa yatenganishe kilichoonekana na kilichosemwa. Kwa mfano: «Mwanamme asiyejulikana, kanzu na kofia, kando ya Ford Model T yenye rejeta nyeusi, mbele ya Beit al-Ajaib. Si kabla ya 1916. Jina alilolitaja mzee wa Malindi halijathibitishwa.» Iandikwe pia tarehe ya mazungumzo na nani aliyeileta picha, ili atakayepata ushahidi mpya ajue pa kuanzia.