Je, wajua kwa nini shule za California zilisubiri kura ya wananchi ili zibadilishe taa?

Jengo la shule hukaa tupu muda mrefu kuliko linavyokaliwa. Mwaka una saa 8,760. Shule za umma katika jimbo la California, Marekani, hufundisha kwa kawaida siku 180. Hata ukihesabu saa 8 kila siku unapata saa 1,440, yaani kama asilimia 16 ya mwaka mzima. Muda uliobaki ni usiku, wikendi na likizo. Lakini mita ya umeme haiendi likizo. Feni kubwa za juu ya paa huendelea kusukuma hewa kwenye madarasa yasiyo na mtu, boila huchemsha maji ya kupashia joto vyumba vilivyofungwa, na taa za korido huwaka hadi alfajiri. Mara nyingi chanzo ni kidogo mno: saa ya mitambo ilitegwa zamani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa.

Wenye shule wanalijua hilo. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia ulinzi wa mazingira limekuwa likieleza kwamba nishati ni gharama ya pili kwa ukubwa katika shule za nchi hiyo, baada ya mishahara, na kwamba inazidi fedha za vitabu na kompyuta zikijumlishwa. Tiba nayo inajulikana. Kwa nini basi, Novemba 2012, ilibidi wakazi wa California wapige kura ili shule zao zipate taa mpya na viyoyozi visivyokula umeme ovyo?

Tuanze na tiba yenyewe. Taa ni rahisi kueleweka: mrija wa floresenti wa futi nne hutumia wati 32, na wa LED unaotoa mwanga wa kutosha darasani hutumia kama 15. Darasa lenye mirija 30 linashuka kutoka wati 960 hadi 450, bila mwanafunzi kukosa mwanga.

Feni ndizo zenye maajabu. Mtu hudhani ukipunguza kasi ya feni kwa sehemu moja ya tano, umeme nao utapungua kwa sehemu moja ya tano. Sivyo. Nguvu inayohitajika hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Kasi ikiwa 0.8 ya ile ya awali, zidisha 0.8 kwa 0.8 kwa 0.8: unapata 0.51. Kwa hesabu hiyo, kupunguza mwendo kidogo tu kunakata karibu nusu ya umeme. Feni za kizamani haziwezi kufanya hivyo, kwa sababu zina hali mbili tu, kuwaka kwa nguvu zote au kuzimwa. Ukizifungia kifaa cha kurekebisha mwendo, pamoja na kitambuzi kinachopima hewa ya kabonidayoksaidi darasani, feni huzunguka kwa kadiri ya watu waliomo. Kitambuzi hicho ni muhimu sana. Kuokoa umeme kwa kuwanyima watoto hewa safi ni kuwadhulumu, na mpango wowote unaofanya hivyo haustahili kuitwa mafanikio.

Kuna pia dawa isiyogharimu karibu chochote. Kampuni za umeme huwatoza wateja wakubwa si kwa kiasi walichotumia tu, bali pia kwa kile kipindi kifupi, mara nyingi dakika 15, ambacho matumizi yalipanda kuliko vyote katika mwezi. Shule ikiwasha mitambo yote kwa pamoja asubuhi ya Jumatatu, dakika hizo chache zinapandisha bili ya mwezi mzima. Kuwasha jengo moja baada ya jingine kunatosha.

Sasa tufike kwenye kikwazo. Mimi naamini kikwazo hakijawahi kuwa teknolojia. Ni jinsi fedha za shule zinavyogawanywa. Mishahara na bili hulipwa kutoka mfuko wa uendeshaji, ambao kila mwaka umebanwa. Majengo hutegemea hati fungani, yaani mikopo inayoidhinishwa na wapiga kura, na wapiga kura hupenda kuona madarasa mapya, si mota mpya zilizofichwa juu ya dari. Vifaa vinadai fedha nyingi siku moja, ilhali akiba huja tone kwa tone kwa miaka 10 au zaidi. Mkuu wa wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo moja, akiwa na fedha za kuajiri mwalimu mmoja au kubadilisha feni, atawaambia nini wazazi akichagua feni? Ndiyo maana mitambo huachwa ichakae. Mwaka 2020 wakaguzi wa Bunge la Marekani walikadiria kwamba asilimia 41 ya wilaya za shule nchini humo zilihitaji kukarabati au kubadilisha mifumo ya joto na hewa katika angalau nusu ya shule zao.

Hapo ndipo fedha za jimbo zinapoingia: zinalipa ile gharama kubwa ya siku ya kwanza. Pendekezo namba 39, ndilo lile wananchi walilolipigia kura na kulipitisha tarehe 6 Novemba 2012, liliziba mwanya wa kodi. Kabla yake, makampuni yanayofanya biashara katika majimbo kadhaa yaliweza kuchagua kanuni ya kukokotoa kodi iliyoyafaa. Pendekezo likaamuru kanuni moja, inayotegemea mauzo ndani ya California. Sehemu ya mapato yaliyopatikana, hadi dola milioni 550 kwa mwaka kwa miaka mitano, ikatengewa miradi ya nishati, na sehemu kubwa ikaelekezwa shuleni.

Mgawo ulifuata idadi ya wanafunzi kwa asilimia 85, na asilimia 15 ikafuata idadi ya watoto wa familia zenye kipato cha chini. Hata shule ndogo kabisa za vijijini zilikuwa na kiwango chao cha chini. Sharti lilikuwa kwamba kila dola 1 itarajiwe kurudisha angalau dola 1.05 katika maisha ya kifaa. Kwa kuwa hesabu ilifanywa kwa kifurushi chote cha mradi, taa zenye faida ya haraka ziliweza kubeba boila ambayo peke yake isingepita. Naona huo ulikuwa ubunifu mzuri kuliko yote katika mpango ule.

Mwanzo ulikuwa wa kusuasua. Mwaka 2015 waandishi wa habari walifichua kwamba sehemu kubwa ya fedha za awali ilikuwa imeenda kwa washauri na wakaguzi wa nishati, na kwamba bodi ya wananchi ya kuusimamia mpango ilikuwa haijawahi kukutana. Hilo la wakaguzi naweza kulielewa, maana huwezi kutibu jengo kabla ya kulipima. La bodi halina utetezi.

Texas ilipita njia nyingine mapema zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilianzisha mkopo wa mzunguko uitwao LoanSTAR, kwa fedha zilizorejeshwa baada ya kampuni za mafuta kuwatoza watu kupita kiasi. Taasisi za umma, shule zikiwemo, hukopa, hurekebisha majengo, na hulipa kwa kile walichookoa kwenye bili. Fedha zikirudi hukopeshwa wengine. Baada ya ile miaka mitano kwisha, California nayo ilielekeza sehemu ya fedha zilizobaki kwenye mikopo ya shule isiyo na riba, na nyingine kwenye kubadilisha mabasi ya shule yaliyozeeka.