Makumbusho Yanahitaji Chungu cha Bibi na Maelezo Yake

Kila Mei 18, Siku ya Makumbusho Duniani, malalamiko hapa Nyanda za Juu Kusini ni yale yale: makumbusho yamelala, aliyeingia mara moja hana cha kurudia. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Kalenga, mkoani Iringa, watu hutazama fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954, kisha wakaondoka. Lakini Wahehe waliompiga Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, pale Lugalo mwaka 1891 walikuwa pia wakulima, wafinyanzi na waganga, na kumbukumbu za upande huo ziko majumbani mwenu.

Tuleteeni sisi wa makumbusho. Kitu kikipokelewa kinajaziwa fomu: jina la mwenyewe, kijiji, aliyekitengeneza, matumizi yake, nyufa zake na palipoliwa na wadudu. Kinapigwa picha, kinapewa namba, nanyi mnabaki na nakala. Ipo hati ya zawadi na ipo hati ya kuazimisha. Hii ya pili huandikwa tarehe ya kurudisha, na kitu kinabaki mali ya familia, kwa hiyo maneno kwamba "serikali inanyang'anya" hayana msingi. Msisaini kabla ukoo haujakubaliana. Na mje na anayejua kukieleza: mbeta, chombo cha mwanzi cha kugemea ulanzi (pombe ya mianzi), au chungu cha Wakisi wa Kyela bila maelezo ya mtumiaji ni nusu ya kitu.

Vya kuchimbuliwa ni habari nyingine. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni malikale, na kuchimba malikale kunahitaji leseni, hata shambani kwako. Ukikikuta ukilima, kiache palepale, umjulishe mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa halmashauri. Kukipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa, na hapo hata vitu vya asili vya miaka ya baadaye vimo.

Na hizi habari za "mali za Mjerumani", eti Wajerumani walifukia hazina, tuziache, jamani! Wanaochimbua misingi ya maboma na makaburi usiku wakitafuta rupia na zebaki wanaharibu ushahidi usiorudi. Zana za mawe za kale za Isimila, karibu na Iringa, zilisema mengi kwa sababu wachimbaji wa 1957 na 1958 waliandika kila moja ilipolala.

Kama mzee mwenye maelezo hawezi kusafiri, tuambieni kupitia afisa utamaduni. Tutamfuata nyumbani na kinasa sauti.